Intaneti ya Bure Inamuua Nani?

Mwezi uliopita alinijia ofisini kijana mmoja niliyemfundisha miaka michache iliyopita, akaniomba nimwandikie barua ya utambulisho ya kuombea kazi. Nilishangaa, maana nilikuwa nikimtaja darasani mara kwa mara kuwa mfano wa mhitimu asiyekaa kitako kuisubiri ajira. Alipomaliza shahada alipanga chumba cha mbele katika nyumba iliyo nyuma ya mabweni ya wanafunzi, akasimika antena juu ya paa, akawa ananunua intaneti kwa kampuni moja kwa malipo ya mwezi, akahangaika na vibali mpaka akavipata, kisha akaanza kuwauzia wanafunzi na wapangaji wa mtaa ule vocha za shilingi 500 kwa siku. Kando yake aliweka steshenari: fotokopi, kuchapa, kuwajazia watu maombi ya mkopo. Hakutajirika. Alilipa pango, aliajiri vijana wawili, na alimlipia mdogo wake ada ya chuo cha ufundi.

"Dokta," aliniambia, "ile Wi-Fi ya bure imenimaliza."

Mradi mmoja wa umma ulifunga intaneti ya bure katika kiwanja cha wazi kilicho mwendo wa dakika tatu kutoka dukani kwake. Siku ya uzinduzi kulikuwa na turubai, ngoma na utepe wa kukatwa. Ilipofika wiki ya pili wateja wake wa jioni walikuwa wamekwishahamia huko, wameketi juu ya kingo za bustani na simu mikononi. Nami nilipowaona nilifurahi, hata nikausifia mradi ule katika kikao cha idara. Miezi minane baadaye kile kisambazaji kilizimika. Hakuna aliyejua ni nani wa kukiwasha. Ofisi moja ilisema kifaa ni cha ofisi nyingine. Ile nyingine ikasema mkataba wa matengenezo haukuwahi kusainiwa. Wakati huo kijana wangu alikuwa ameshauza antena, na mashine ya fotokopi ilikuwa imefuata. Leo mtaa ule hauna intaneti ya bure wala ya shilingi 500, na wanafunzi wamerudi kwenye vifurushi vya simu.

Kiswahili kina uchokozi wake. Neno "bure" lina maana ya pasipo malipo, na lina maana pia ya pasipo faida.

Kisa hiki kimenisumbua, ndugu msomaji, kwa sababu katika mjadala wa intaneti ya umma siku zote nimekuwa upande mmoja, na ni upande rahisi kuutetea mbele ya wanafunzi. Wako wanaosema, nami nimo, kwamba kuunganishwa na mtandao katika zama hizi ni sehemu ya uraia, na kwamba Serikali isiyowaunganisha watu wake inawanyima haki. Wako wengine, aghalabu wasemaji wa kampuni na wachumi wanaowatetea, wanaosema kwamba Serikali ikigawa bure kitu ambacho wengine wamekiwekea mtaji itafukuza uwekezaji na mwishowe hata hicho cha bure kitakosekana. Nikiwasikiliza leo naona pande zote mbili zinajikwaa kwenye jiwe moja. Zinaizungumzia "sekta binafsi" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Kampuni ya simu yenye mamilioni ya wateja, na kijana mwenye antena moja juu ya paa la kupanga, wote kisheria ni watoa huduma binafsi. Intaneti ya bure haiwagusi sawasawa. Kwa namna tunavyoigawa sasa, yule mkubwa haimpunguzii kitu, na yule mdogo inamfuta.

Kabla sijafika huko niseme nisipoyumba. Serikali yenyewe imehamishia kaunta zake mtandaoni. Kazi ya utumishi wa umma huombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Mkopo wa elimu ya juu huombwa mtandaoni. Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa njia hiyo hiyo. Hata anayetaka kulipia kibali kidogo tu sharti kwanza mfumo umpe namba ya malipo. Haya ni maendeleo, na aliyewahi kusafiri kutoka wilayani kufuatilia jalada lililopotea hawezi kutamani turudi tulikotoka. Lakini mwananchi anapolazimika kununua bando ili aombe kazi ya umma, bando hilo limekwishakuwa ada ya kuomba kazi, na ni ada ambayo Bunge halikuipitisha. Anayefunga milango yote na kubakiza mmoja ana wajibu wa kuhakikisha mlango huo unapitika na kila mtu. Kwa hiyo sina ugomvi na intaneti ya bure kama intaneti ya bure. Tanzania tuna hata chombo cha kisheria kwa ajili ya jambo la aina hii, yaani Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliozaliwa na sheria ya mwaka 2006, ambao kampuni za mawasiliano zenyewe huuchangia kutokana na mapato yao ili huduma ifike mahali ambapo biashara peke yake isingefika. Wazo ni la haki kabisa. Neno zito katika wazo hilo ni "isingefika".

Malalamiko ya kampuni dhidi ya intaneti ya umma si mageni, wala hayakuanzia kwetu. Mji wa Philadelphia nchini Marekani ulipotangaza mwaka 2004 mpango wa kuufunika mji mzima kwa Wi-Fi, kampuni za simu, Verizon ikiwa mbele, zililigeukia bunge la jimbo la Pennsylvania. Mwaka huo huo ikapita sheria iliyozitaka serikali za miji, kabla hazijauza intaneti, ziipe kwanza nafasi kampuni ya simu iliyopo. Philadelphia yenyewe ilinusurika kwa makubaliano maalumu. Kazi ikakabidhiwa kampuni ya EarthLink. Mwaka 2008 EarthLink ilijitoa, kwa kuwa hesabu hazikutoka. Ukitafuta maiti katika kisa hiki hutaikuta ya Verizon. Aliyekufa ni mradi wa umma wenyewe, na aliuawa na gharama za kila mwezi ambazo hakuna aliyekuwa amepanga nani atazilipa.

Kisa cha pili kinakwenda kinyume chake. Chattanooga, katika jimbo la Tennessee, shirika la umeme la mji liitwalo EPB liliamua kujenga mtandao wake wa nyuzi za mwanga. Comcast ilikwenda mahakamani kulizuia, ikashindwa. Mwaka 2010 EPB ikaanza kuwauzia wakazi kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde, jambo ambalo wakati ule lilikuwa la ajabu hata kwa Marekani. Je, Comcast ilifunga virago? Haikufunga. Mwaka 2015 nayo ilitangaza kuleta kasi ya gigabiti 2 katika eneo hilo hilo. Kampuni kubwa ikisukumwa hujinyoosha. Lakini angalieni jambo ambalo wanaharakati wenzangu huliruka kila wanapoutaja mji huo: EPB haigawi bure. Inauza, ina bili, ina mafundi wanaotoka usiku waya ukikatika, na mteja anajua ampigie nani. Ni mali ya umma inayojiendesha kwa hesabu, na ndiyo maana bado iko hai.

Na India imetufundisha jambo la tatu, ambalo linauma zaidi. Januari 2016 Google, ikishirikiana na RailTel ya serikali ya India, ilianza kuweka Wi-Fi ya bure katika vituo vya reli, na ikavifikia vituo zaidi ya 400. Septemba ya mwaka huo huo kampuni binafsi ya Jio iliingia sokoni na kuporomosha bei ya data ya simu. Mwaka 2020 Google ilitangaza kuuacha mpango wake, ikieleza kwamba data imekuwa nafuu na watu wengi wameunganishwa tayari. Maana yake ni kwamba mshindani mkali kuliko wote wa intaneti ya bure ni intaneti ya bei nafuu. Abiria mwenye bando la bei ndogo hana haja ya kubanana kituoni akisaka mawimbi.

Sasa turudi nyumbani, tuutazame utaratibu wenyewe, kwa maana humo ndimo jibu la kijana wangu lilimo.

Kampuni kubwa ya simu huuza nini hasa? Huuza intaneti inayomfuata mtu. Iko naye ndani ya daladala, iko naye shambani, iko naye kitandani saa sita za usiku. Wi-Fi ya kiwanja cha umma haimfuati mtu. Mtu ndiye anayeifuata. Mwanafunzi anayekwenda kiwanjani jioni kupakua mhadhara bado atanunua kifurushi cha kupokelea ujumbe wa mama yake asubuhi. Huenda hata akanunua kikubwa zaidi, kwa sababu kiwanjani ameonja video na sasa zimemnogea. Zaidi ya hapo, ile intaneti ya kiwanjani nayo hununuliwa mahali: mradi huingia mkataba na kampuni, na kampuni yenye uwezo wa kujaza makabrasha ya zabuni ni kubwa. Kwa hiyo mkubwa hapotezi mteja. Anapata mteja mpya, tena anayelipwa na Hazina.

Mdogo naye huuza nini? Huuza intaneti ya mahali. Vocha yake inafanya kazi umbali wa nyumba kumi kutoka kwenye antena yake, basi. Hicho ndicho kitu kile kile, cha umbo lile lile, ambacho mradi wa bure unakitoa. Na kwa kuwa miradi yetu hupenda mahali penye watu wengi, penye umeme wa uhakika, panapofikika na wapiga picha, inakwenda kutua pale pale ambapo mdogo alikuwa ameshapagundua kuwa pana wateja. Huko ambako hakuna antena ya mtu yeyote juu ya paa lolote, mradi haufiki, kwa sababu zile zile zilizomfanya mfanyabiashara asifike.

Kenya wameliweka jambo hili kwa kiwango kikubwa kuliko sisi. Serikali ya Rais William Ruto iliahidi vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma na kilomita 100,000 za nyuzi. Nina wivu na ahadi hiyo, na nyuzi zikifika kweli zitawafaa wengi. Lakini Nairobi, katika vitongoji kama Kibera na Kawangware, kwa miaka sasa kuna kampuni kama Poa Internet zilizojenga biashara yao juu ya mtu mwenye kipato cha siku, na kuna mtandao wa TunapandaNET wa vijana wa Kibera. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitengeneza mwongozo wa leseni nafuu kwa mitandao ya jamii. Siyo hii mitandao ya kijamii tunayogombania humo, bali mitandao ya antena na nyaya inayomilikiwa na wanajamii. Sasa ikiwa mafanikio ya vituo 25,000 yatapimwa kwa idadi ya vilivyozinduliwa, afisa mwenye shinikizo la kutimiza namba atavipeleka wapi? Atavipeleka sokoni, mjini, palipo na njia fupi. Atakuwa ametimiza namba huku mkono mwingine wa dola uliowapa vijana wale leseni ukishangaa walikokwenda.

Kuna mahali pengine ambapo mdogo hukamuliwa, nako hakuonekani kirahisi. Tangu mwaka 2009 tumejenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa fedha za mkopo ambao sote tunaulipa. Ni kazi kubwa, na anayeibeza hajui bei zilivyokuwa enzi za setilaiti kabla nyaya za baharini hazijatua Mombasa na Dar es Salaam. Anayeuendesha ni shirika la umma, TTCL, ambalo wakati huo huo linauza intaneti kwa wateja wa rejareja. Simlaumu mtu, ndivyo mambo yalivyopangwa. Lakini fikirini kijiji ambacho mwenye kisima ndiye pia mwenye mkokoteni wa kuuza maji mlango kwa mlango. Mwenye mkokoteni mwingine atateka kwa bei gani, na atangoja foleni kwa muda gani? Katika nchi ambazo nyuzi za umma zimewasaidia wadogo, mwenye nyuzi hutakiwa kutangaza bei ya jumla ambayo ni moja kwa kila mtu, na hata tawi lake la rejareja hulipa bei hiyo.

Sisi wa vyuo vikuu tuna mfano mzuri usiosemwa sana. Vyuo vya Kenya vilijiunga katika KENET tangu mwaka 1999, na vya kwetu vina TERNET, ili kununua intaneti kwa pamoja, kwa jumla, badala ya kila chuo kuomba peke yake. Mwanafunzi anaiona ni ya bure, lakini ina bodi, ina michango, ina fundi anayelipwa mshahara. Na nje ya geti la chuo chochote chenye mtandao mzuri utakuta vibanda vya kuuza vocha, kukarabati simu na kuchapa tasnifu vimejaa pomoni. Maktaba haiui duka la vitabu. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed imekuwepo tangu mwaka 1967 na sijasikia muuza vitabu hata mmoja akiililia. Kilio cha wachapishaji na wauza vitabu nilikisikia mahali pengine kabisa, pale kazi ya vitabu vya kiada ilipokusanywa chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kuna tofauti kubwa baina ya dola inayomkopesha msomaji kitabu na dola inayokuwa duka.

Kuhusu mahali pa kupeleka intaneti, nitakuwa mkali kidogo. Agosti 2022 nchi ilishangilia intaneti ya kasi kufika Mlima Kilimanjaro, kwenye kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Ninaelewa hoja ya utalii, na hoja ya usalama wa wapandaji na wapagazi ninaiheshimu zaidi. Ila mpagazi yule akishuka kurudi kijijini kwake anaweza kukuta zahanati isiyoweza kutuma taarifa ya mwezi mpaka muuguzi atumie simu yake na bando lake. Hapo ndipo ambapo hakuna mtoa huduma binafsi wa kumuua. Zahanati, shule ya kata, ofisi ya mtendaji, maktaba ya wilaya: fungeni bure huko mpaka mchoke, hakuna atakayelalamika.

Na kodi je? Katika kila shilingi ya muda wa maongezi na data, Tanzania huchukua ushuru wa bidhaa, na kodi ya ongezeko la thamani juu yake. Kenya nao wana ushuru wao wa asilimia 15. Uganda walianza mwaka 2018 na kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, wakaiondoa mwaka 2021, wakaweka mahali pake ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Ushuru wa bidhaa, wanafunzi wangu wanajua, kwa asili ni kodi ya kuwapunguzia watu hamu: sigara, bia, vinywaji vikali. Tunaitoza intaneti kama sigara, kisha tunachukua sehemu ya mapato hayo tukaigawa kiwanjani mbele ya kamera. Kama kweli lengo ni watu wengi zaidi waunganishwe, kupunguza ushuru huo kungemfikia hata bibi asiyejua kiwanja kiko wapi. Kwa nini hatufanyi hivyo? Kodi iliyopungua haina utepe wa kukatwa.

Nijibu pingamizi mbili. Ya kwanza nililetewa na mwenzangu wa idara ya uchumi, naye si mtu wa maneno mepesi. Aliniambia: "Unamlilia muuza vocha kama watu walivyowalilia wapiga chapa wa taipureta. Teknolojia imempita, mwache apite." Ningekubali, kama kilichompita kingebaki. Kompyuta ilipoiondoa taipureta, kompyuta ilikaa. Wi-Fi ya kiwanjani ilikaa miezi minane. Mfanyabiashara mdogo anaweza kushindana na mtu anayeuza kwa bei ya chini, kwa sababu huyo naye ana hesabu, naye akipata hasara ataacha. Hawezi kushindana na mshindani asiye na faida wala hasara, anayeingia kwa bajeti na kutoka kwa kusahauliwa. Huyo hasafishi soko kwa ubora wake. Analikanyaga tu akipita.

Pingamizi ya pili ni ya wanaharakati, nayo ni nzito zaidi: kwamba intaneti ikikaa mikononi mwa Serikali, Serikali itaizima siku ikikasirika, na heri wabaki watoa huduma binafsi wengi. Natamani hoja hiyo ingekuwa kweli. Uganda Januari 2021 karibu mtandao wote ulikuwa mikononi mwa kampuni binafsi, na ilipokuja amri zilizima. Sisi wenyewe tulikaa gizani kuanzia Oktoba 29, 2025, na siku zile haikuwa na maana mtu analipia kwa nani. Mwenye leseni hutii mwenye kutoa leseni. Kinga ya jambo hilo iko katika sheria na mahakama. Haiko katika idadi ya antena. Ila niongeze hili dogo: Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye mgahawa wa intaneti afunge kamera za kurekodi shughuli zinazoendelea ndani. Mzigo huo alitwishwa mwenye meza sita na feni moja. Kiwanja kizima cha watu kikaja kuunganishwa bila hata mtu wa kukibadilishia kifaa kilichoungua.

Wala tusidhani kwamba "bure" ya kampuni ni safi kuliko ya Serikali. Facebook ilileta Free Basics Afrika kuanzia Zambia mwaka 2014, ikaja na kwetu mwaka huo huo: kurasa chache zilizochaguliwa zilifunguka bila malipo, na kilichokuwa nje ya hizo kilikuwa na bei. Februari 2016 mamlaka ya mawasiliano ya India iliukataza mpango wa aina hiyo, kwa kuwa unampa mwenye geti uwezo wa kuamua maskini asome nini. Sisi hatukuuliza swali lolote. Tulishukuru.

Basi nini kifanyike? Kama mtumishi wa umma mwenye dhamana anasoma hapa, ninayo machache. Kwanza aangalie juu ya mapaa kabla ya kuchagua kiwanja. Palipo na antena ya mtu, asilete kisambazaji chake. Anunue kwa yule mtu. Serikali ikimlipa mtoa huduma mdogo ili kila mkazi wa mtaa apate saa moja ya bure kwa siku, mkazi amepata intaneti, mdogo amepata mteja wa uhakika, na kifaa kikizimika yupo mwenye sababu ya kukiwasha kabla jua halijachwa. Pasipo na antena, afunge yeye, lakini mkataba ulipe kwa kila siku ambayo intaneti imefanya kazi, usilipe kwa kila boksi lililopigiliwa ukutani, na uwekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuusoma. Bei ya jumla ya mkongo itangazwe, na iwe ni ile ile kwa mwenye minara elfu na mwenye antena moja. Na tovuti za Serikali, zile ambazo tumelazimishwa kupitia, zifunguke bila kukata bando la mtu. Hili la mwisho halihitaji hata nguzo moja mpya. Linahitaji barua, mamlaka, na mazungumzo na kampuni ambazo tayari zinatuomba leseni kila mara.

Najua wapo watakaosema kwamba wadogo nao si malaika. Ni kweli. Nimewahi kulipia vocha ya siku nzima iliyokufa saa nne asubuhi, na mwenye duka akaniambia mvua ndiyo iliyoharibu. Lakini nilijua anakaa wapi. Kesho yake nilirudi, tukagombana kidogo, akanipa nyingine.

Nilimuuliza kijana wangu kama angekuwa tayari kuanza upya. Alifikiri kidogo, akasema nguzo fupi za alama za mkongo zimepita mbele ya ile nyumba, anaziona kila akipita. Aliwahi kuulizia bei ya kuunganishwa moja kwa moja badala ya kununua kwa mtu wa kati, akazungushwa kutoka dawati hadi dawati mpaka nauli ikamwishia. Hakusema zaidi. Nilimwandikia barua, nikasifia bidii yake na uelewa wake wa wateja wa kipato cha chini, kwa maana ni kweli. Kazi anayoiomba ni ya uwakala wa mauzo katika kampuni moja ya simu. Akiipata, eneo lake litakuwa nyuma ya mabweni, na atakuwa anauza vifurushi.